Tembo wa Kitaluni

"Shangazi, mimi sasa ni tembo."

Alitokea nyuma ya pipa la maji, amelishika tumbo kwa mikono yote miwili, uso unamng'aa kama mtu aliyepewa zawadi. Nilikuwa nimeinama kwenye meza ya kazi, tupa mkononi, nakwaruza ukingo wa mbegu ya mtonga, na sikujisumbua hata kuinua kichwa. Binti wa kaka yangu huwa kitu kipya kila siku. Jana yake alikuwa dereva wa treni, juzi yake alikuwa mgonjwa wa meno na akatutaka wote tumpe pole. Tulimpa jina la Kiherehere akiwa bado anatambaa, na sasa hata mwalimu wake wa chekechea akijisahau anamwita hivyo.

"Haya, tembo," nikamwambia. "Usinikanyagie miche."

"Nimeshazimeza, shangazi. Zikitoka utazipanda, halafu zitaota."

Tupa ikasimama yenyewe.

"Umemeza nini?"

"Mbegu. Na maji. Moja moja, kama bibi anavyomeza vidonge vyake."

Kwa asiyeujua mtonga, ni mti wa porini, mfupi, wenye miiba, na tunda lake ni mviringo kama chungwa ila ganda lake ni gumu kama ubao. Unalipasua kwa jiwe, na ndani unakuta nyama laini iliyozishika mbegu nyingi bapa. Nyama unainyonya, ni tamu na ina ukakasi kidogo, na mbegu unaitema. Watoto waliokulia karibu na pori wanajua hilo kabla hawajajua kuhesabu: nyonya, tema, usitafune. Ndani ya mbegu kuna sumu inayokaza misuli. Ukiimeza nzima kwa bahati mbaya itapita ilivyoingia, kwa sababu ganda lake halipitishi kitu. Ni ganda hilo hilo linalofanya mbegu ya mtonga ikatae kuota. Unaifukia, unamwagilia, unasubiri, na maji hayaingii ng'o.

Kazi yangu mimi ni kulifungua hilo ganda. Nakwaruza ukingo kwa tupa mpaka weupe wa ndani uchungulie, kisha naitia mbegu kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Nimeifanya kazi hiyo miaka yote, huku naimba, na siku zote niliona naisaidia mbegu. Mchana ule, nikiwa na tupa mkononi na mtoto amesimama mbele yangu anatabasamu, niliona kitu nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa naifungulia sumu mlango.

"Ulizitoa wapi?" Nilijitahidi sauti yangu iwe ya kawaida, ikatoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

"Nilichukua nzuri tu."

Kwangu mbegu nzuri zilikuwa mahali pawili. Asubuhi nilikuwa nimezimwaga mbegu zote kwenye ndoo ya maji na kumfundisha Kiherehere kwamba zinazoelea ni mbovu, zinazozama ndizo nzuri. Za ndoo zilikuwa bado nzima. Lakini nzuri nilizokwisha kuzikwaruza zilikuwa kwenye bakuli jeupe la bati, hapo hapo mezani, na nazo nilikuwa nimezisifia kwa sauti. Ndoo iko kushoto kwangu, bakuli liko kulia, na mtoto amepita nyuma yangu mara ngapi, nani ajuaye?

"Za kwenye ndoo au za kwenye bakuli?"

Aliangalia ndoo, akaangalia bakuli, akaniangalia usoni. Alichokiona usoni pangu kilimtosha, midomo ikaanza kumtetemeka.

"Sijui," akasema. "Nimekosea?"

Kuhusu tembo, maneno yalikuwa yangu. Mtonga wa mwisho niliokuwa naujua, ule wa nyuma ya machimbo ya mawe, ulikuwa umekatwa, na gunia la matunda yake lilikuwa limebaki kwangu. Mbegu za kwanza nilizopanda kutoka gunia hilo ziligoma zote, ingawa nilizikwaruza. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalalamika wee, na Kiherehere akauliza mbona porini zinaota bila tupa. Nikamweleza kwamba porini kuna tembo na nyani, wanakula tunda, mbegu inasagwasagwa tumboni ganda linalainika, ikitoka na mavi inaota bila kubembelezwa. "Sasa mimi tembo nitamtoa wapi?" nikamwambia. "Labda nimwazime mama yako, na lile tumbo lake." Tukacheka sana. Mimi na mdomo wangu.

Nilimbeba. Si mdogo tena wa kubebwa, miguu yake ilining'inia ikinipiga magotini, lakini sikutaka atembee. Nilihisi akitembea zitasogea.

Mama yangu alikuwa sebuleni anachambua maharage, redio imefunguliwa juu. Nikamwambia kwa maneno machache.

"Ah, wewe nawe," akasema. "Sisi tulizimeza wote tukiwa wadogo, mbona tupo? Kesho atazitoa."

"Mama, huenda kameza nilizozikwaruza."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kushika tupa, sikuwa na haja ya kumweleza zaidi. Alizima redio, na sebule ilivyonyamaza ghafla ndipo hofu ikaniingia hasa, kwa sababu Mama haizimi redio kwa jambo dogo. "Usimtapishe," akasema taratibu. "Zisije zikavunjika njiani. Nenda. Mimi nitampigia mama yake."

"Mwambie..."

"Nitajua la kumwambia. Nenda!"

Zahanati iko mtaa wa pili kutoka kwetu. Jirani mwenye teksi alikuwa anaosha gari, akatupeleka na povu bado liko kwenye vioo. Njia nzima nilimshika Kiherehere taya kwa vidole viwili, kama mtu anayembembeleza, kumbe napima kama linakaza. Akawa ananiuliza kwa nini namshika shavu. Nikasema nakupenda. Akasema lakini unaniumiza.

Daktari wa zamu alikuwa mwanamama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alinisikiliza bila kunikatiza, na mimi nilikuwa naongea kama cherehani. Nilipomaliza aliuliza maswali mawili tu.

"Alizitafuna?"

"Anasema hapana."

"Ngapi?"

Kiherehere alinyoosha vidole vyote vya mkono mmoja, akafikiri, akakunja gumba. Nne. Daktari alimshukuru kama mtu mzima, akaingia ofisini kwake kupiga simu hospitali kubwa. Kupitia mlango niliona mgongo wake tu. Nilimwona anaandika kitu, anasikiliza, anaandika tena, kisha anaacha kuandika, na huko kuacha kuandika ndiko kulikonikausha mate.

Aliporudi alinivuta pembeni.

"Sumu ya namna hii inakamata mishipa," akasema. "Mwili unakaa tayari kushtuka. Kelele, mwanga mkali, hata kumgusa ghafla, kunaweza kumtia degedege. Nitampa mkaa wa dawa anywe. Chumba kitakuwa na giza na kimya. Wewe kaa naye, mwangalie shingo na taya. Ukiona vinakaza, usipige kelele. Njoo uniite."

"Na zikipita salama?"

"Zikipita nne zote, tutashukuru. Kwa sasa hatujui amemeza zipi, basi tutafanya kama amemeza mbaya."

Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi. Kitanda kimoja, kiti kimoja, pazia la kijani lililovutwa mpaka mwisho, na juu ya kabati trei yenye sindano iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe. Nesi aliinyooshea kidole, akaninong'oneza kwamba hiyo ni ya kulegeza misuli ikibidi. Tangu hapo macho yangu yalikuwa na kazi mbili: shingo ya mtoto na kile kitambaa cheupe.

Kiherehere alikunywa mkaa mpaka ukamchora masharubu meusi. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Shangazi, tembo..."

"Shh."

"Lakini nataka kukuuliza..."

"Shh, mama. Daktari amesema tusiongee."

Akanyamaza. Mtoto niliyekuwa namwomba kila siku anyamaze kidogo nipumzishe masikio, ndiye huyo sasa nimeambiwa nimnyamazishe, na alipotii nilitamani kulia. Alilala chali, mikono kando, macho yananiangalia. Kila alipokunja kidole cha mguu moyo wangu ulikuwa unaruka. Ni yeye amekikunja, au kimejikunja chenyewe? Sikuwahi kumwangalia mtoto kwa namna ile. Nilijifunza kwamba mtoto mzima, asiye na ugonjwa wowote, hatulii hata akiwa ametulia. Kope zinacheza, tumbo linapanda, pua inawasha. Kila kimoja nilikiona ndio mwanzo.

Wifi aliingia bila viatu. Alikuwa amevivua mlangoni ili asitoe mlio. Nyuzi za bluu zilikuwa zimemganda sketi nzima, maana alitoka kiwandani mbio. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha sare za shule, anakagua mishono. Nimewahi kumwona kazini: anapitisha gumba juu ya mshono huku anaongea na mwenzake, wala haangalii, na palipo na kosa gumba linasimama lenyewe. Mimi na yeye hatukuwa maadui, ila hatukuwa watu wa kukaa pamoja. Kitalu changu alikuwa anakiita jaa.

Alimbusu mwanawe paji la uso, polepole. Kisha akanigeukia, na hapo ndipo tukagombana ugomvi mkubwa kuliko yote tuliyowahi kugombana, na wote kwa mnong'ono.

"Umempa nini mwanangu?"

"Sikumpa. Alichukua."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimempa mgongo, wifi. Kidogo tu."

"Kidogo tu." Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama lakini sauti haikuzidi ile ya karatasi kusuguana. "Nilisema mimi. Nilimwambia kaka yako kabla hajasafiri na lori lake, nikamwambia lile jaa la dada yako, siku moja. Akasema hapana, mtoto anajifunza. Haya, amejifunza."

"Nigombeze ukitaka. Nigombeze, nimekosa."

"Nitakugombeza nikipata nafasi ya kupiga kelele!"

Kiherehere alikuwa anatusikiliza. "Mama, usimgombeze," akanong'ona na masharubu yake meusi. "Shangazi hakutaka mimi niwe tembo. Alitaka akuazime wewe."

"Aniazime mimi?"

"Tumbo lako. Kwa sababu hatuna tembo."

Nilitamani sakafu ipasuke initie ndani. Wifi aliniangalia, na katika giza lile sikuweza kuona ni jicho gani ananiangalia nalo.

"Hilo nalo tutaongea," akasema, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Jioni ilikuwa inaingia tuliposikia trei ikianguka ukumbini. Vyuma juu ya saruji, mlio wa kupasua masikio, kisha kopo moja likawa linabingirika halikomi. Kiherehere aliruka. Mwili mzima ulinyooka, mikono ikakaza, macho yakatoka. Niliona mdomo wake umefunguka bila sauti. Wifi alimwangukia juu yake kama mtu anayezuia upepo, na mimi nilisimama nikashindwa kupiga hatua. Nilijua natakiwa kwenda kumwita daktari, ni hatua chache tu, na nilisimama nimeganda, nimekishika kiti, natazama kitambaa cheupe.

Kisha Kiherehere akavuta pumzi na kuanza kulia, kilio cha kawaida kabisa cha mtoto aliyeshtushwa.

"Nimeogopa," akasema.

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni. Alimpima shingo, taya, magoti, akamwambia apepese macho. "Mtoto yeyote angeshtuka," akatuambia. "Hata mimi nimeshtuka." Alipotoka nilimwendea wifi nikamshika mikono, na hakuitoa.

Usiku ule sitausimulia. Tuliupita.

Asubuhi zilitoka tatu. Msiniulize tulivyozipata. Wenye watoto wanajua, na wasio na watoto wasijue. Wifi alishika poti, mimi nikamwaga maji, tukazisuuza kwenye bomba la nyuma ya zahanati, vichwa vimegusana. Nikapapasa ukingo wa kila moja. Nzima. Nzima. Nzima. Nilianza kucheka na machozi yananitoka, na wifi akawa anasema asante, asante, sijui kama ni kwangu, kwa Mungu au kwa bomba.

"Bado moja," akasema.

Bado moja. Mkaa ulikuwa umeshapita, chai ilishanyweka, na hiyo moja haikuja. Kiherehere alikuwa ameanza kuchoka na kitanda, anaomba tumfungulie pazia. Mimi nikawa nahesabu kwa upande mwingine: kama tatu zilitoka kwenye ndoo, na ya nne nayo imetoka kwenye ndoo. Mtoto hachanganyi. Halafu nikakumbuka ninavyomjua, mtoto anayevaa soksi mbili za rangi mbili kwa sababu zote anazipenda.

Mchana wifi alinituma nikamnunulie maji ya kunywa. Nilipopanda ngazi kurudi nilimkuta ukumbini anatoka upande wa ofisi ya daktari, kiganja kimefumbwa, bado kimelowa.

"Imetoka," akasema. "Nimeshaiosha. Hebu iangalie, wewe ndiye unayezijua."

Aliiweka mkononi mwangu. Sikuhitaji kuiangalia. Ukingo mmoja ulikuwa na pengo, dogo, laini, la tupa yangu, na ndani ya pengo weupe ulikuwa umevimba kidogo kwa maji. Mbele yangu mwanamke huyu hajalala, hajala, macho mekundu, ananitazama mdomoni kama anayesubiri hukumu.

"Nzima," nikasema.

"Nzima?"

"Nzima, wifi."

Alifumba macho, akaegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka akakaa chini. Mimi nikamwambia nakwenda chooni, nikaingia kwa daktari, nikafunga mlango na kumwambia ukweli: moja ilikuwa imekatwa, nimeishika kwa mkono wangu, nakuomba umwangalie zaidi, nakuomba usimwambie mama yake, ataanguka yule.

Daktari alivua miwani. Aliniangalia, akatikisa kichwa.

"Familia yenu," akasema. "Alikuwa abaki mpaka jioni hata hivyo. Nimeshamchukua damu tena. Imekaa tumboni na haikumdhuru, ganda lililobaki lilitosha, au mkaa ulitosha, au ni bahati tu. Mimi sitakudanganya kwamba najua ni kipi."

Hayo maneno, bahati tu, nilitoka nayo. Nimekaa nayo mpaka leo.

Jioni alituruhusu. Kiherehere alitoka kwa miguu yake, amekatazwa kelele kwa siku kadhaa, anatembea kwa kunyata kama mwizi. Getini nilifungua kitambaa nilichofungia zile mbegu nne, nikataka kuzitupa kwenye pipa la taka. Wifi alinishika mkono.

"Unafanya nini?"

"Sitaki kuziona."

"Utazipanda."

"Wifi, sizipandi. Hata gunia lote nalitupa. Tupa nayo naitupa."

"Mwanangu amekuwa tembo bure?" Aliziondoa mkononi mwangu moja baada ya nyingine. "Kama wewe hupandi, nitapanda mimi kwenye hilo jaa lako."

Na akapanda. Mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga kitaluni isipokuwa kuja kumwita mwanawe, alijaza viriba vinne, vile vifuko vya kuoteshea miche, kwa udongo, akanisuta kwamba mchanga wangu una mawe, akafukia mbegu, akavipanga chini ya wavu wa kivuli. Akitoka kazini, kabla hajavua viatu, anakwenda kumwagilia. Mimi tupa niliipandisha juu ya boriti, mahali ambapo hata mimi siifikii bila kiti. Gunia nililisukuma uvunguni mwa meza. Nilikuwa namwagilia miche ya zamani tu, na hata hiyo kwa jicho moja, jingine liko kwa Kiherehere. Kila nilipomwona anapeleka mkono mdomoni nilikuwa naruka. Anakula muhogo, mimi naruka.

Lakini kelele hazikunitisha. Alirudia kelele zake na mimi nilizipokea zote: treni, meno, sasa alikuwa nesi. Kilichokuwa kinanitoa roho ni kimya. Kiherehere akinyamaza kidogo tu, nilikuwa namwona yuko kwenye kile kitanda, amelala chali, macho wazi.

Ndivyo ilivyokuwa siku moja, wiki kadhaa baadaye. Nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nilimsikia anaimba uani, mama yake yuko naye, sufuria linagongwa, kisha wimbo ukakatika katikati ya neno. Nikasubiri. Hakuendelea. Nikaacha bomba linamwaga, nikatoka mbio na sabuni mpaka viwikoni, nikajigonga na fremu ya mlango.

Walikuwa wamepiga magoti kando ya viriba, wote wawili, wameinamiana.

"Ana nini? Wifi! Ana nini?"

"Shh," wifi akasema, kwa ile sauti yake ya zahanati. "Taratibu. Njoo uone."

Kwenye kiriba cha mwisho kishina cha kijani kilikuwa kimejipinda kutoka kwenye udongo, bado hakijanyooka, na kichwani kimebeba ganda la mbegu kama kofia iliyokaa upande. Kwenye ukingo wa kofia palikuwa na pengo, dogo, laini. Hapakuhitajika miwani. Vile viriba vingine vitatu vilikuwa vitupu.

Nilipiga magoti kwenye tope. Nilijua ameliona, kwa sababu kidole chake kilikuwa hapo hapo, karibu na lile pengo, hakigusi.

"Ni ile ya nne," akasema.

"Wifi, siku ile mimi..."

"Ulisema nzima."

"Nilisema."

"Mimi nakagua mishono kwa kidole, wifi. Niliiosha mwenyewe pale bombani. Unadhani nilikupa nikiwa sijui?"

Nilimtazama. "Sasa mbona uliniuliza?"

Kiherehere alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, anatutazama kwa zamu.

"Nilitaka mtu aniambie nzima," wifi akasema. "Nilijua, lakini nilitaka mtu aniambie. Wewe ungesema imekatwa ningeanguka pale pale ukumbini. Daktari nilikuwa nimeshamwambia. Nikamwomba asikuambie wewe, maana nilikuona tangu jana yake, ulikuwa umeganda na kiti chako, nikasema huyu akijua atakufa kabla ya mtoto."

Familia yenu, alisema yule daktari. Nilijifunika uso kwa mikono yenye sabuni na macho yakaniwasha vibaya sana, na hicho nikakifanya kisingizio. Ile hofu niliyokuwa nimeificha peke yangu, naibeba kutoka chumba hadi chumba, kumbe mwenzangu alikuwa na yake ya aina hiyo hiyo ukuta wa pili. Kila mmoja akimwagilia.

"Na la tumbo langu," wifi akasema, anafuta pua kwa mgongo wa mkono, "usifikiri nimesahau."

Kiherehere alitoa viganja mdomoni kidogo, vikabaki hapo tayari kurudi.

"Mama," akanong'ona. "Shangazi. Sasa naruhusiwa kuongea?"

"Ongea," wifi akasema. "Ongea mpaka tuchoke."

Akaanza, na hakupumua, na mimi nilikaa palepale kwenye tope nikamsikiliza neno kwa neno.